Mgonjwa wa kitandani nyumbani: kumuuguza bila kumwambukiza wala kuambukizwa

Siku ya ruhusa ndugu hutoka wodini na mfuko wa dawa, karatasi ya tarehe ya kliniki, na mgonjwa wao ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anatembea na leo upande mmoja wa mwili hausogei. Kama amewekewa mpira wa mkojo, wanaonyeshwa mara moja jinsi mfuko unavyomwagwa, haraka haraka, kwa sababu wodi imejaa na gari inasubiri nje. Nimekuwa upande wa anayetoa maelezo hayo kwa miaka mingi, na najua hayatoshi. Haya ninayoandika ndiyo ambayo ningemwonyesha binti au kijana wa nyumba ile kama ningepewa siku nzima ya kukaa naye.

Nachukua mfano wa mzee aliyepata kiharusi, kwa kuwa nyumba nyingi zinamjua. Mambo ni yale yale kwa bibi aliyevunjika nyonga au mama mwenye saratani asiyeinuka tena.

Safi kwanza, chafu mwisho

Kuna nyumba moja nilikwenda kumwangalia mzee aliyekuwa amepata homa mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara maambukizi ya mkojo, kila mara antibiotiki nyingine. Nyumba ilikuwa safi. Sakafu inang'aa, mashuka yamepigwa pasi, na binti yake alikuwa anamhudumia kwa mapenzi ambayo hata sisi wauguzi hatuna muda nayo wodini. Nikamwomba afanye kazi yake ya asubuhi kama kawaida, mimi nikae pembeni nitazame. Alianza na pampasi. Akampangusa baba yake vizuri, akasuuza kitambaa kwenye beseni, akakikamua, kisha kwa kitambaa kile kile na maji yale yale akampangusa uso, kifua, na mwisho akafuta mpira wa mkojo pale unapoingilia mwilini.

Hatukumwongezea dawa wala vifaa, isipokuwa vitambaa viwili na beseni la pili. Tulichobadilisha ni mfuatano: uso kwanza, mpira wa mkojo kwa kitambaa chake peke yake, pampasi mwisho kabisa.

Vijidudu havina miguu. Vinatoka mahali vilipo (kinyesi, mate, usaha, damu, makohozi), vinabebwa na kitu, mara nyingi mkono au kitambaa, na vinaingia kwenye mlango: mdomo, pua, jicho, kidonda, mrija. Mgonjwa wa kitandani ana milango mingi kuliko sisi na hana nguvu ya kuifunga. Kwa hiyo kila kazi unayomfanyia, jiulize kabla hujaanza: safi iko wapi, chafu iko wapi. Anzia safi, maliza chafu, na ukishagusa chafu usirudi nyuma bila kunawa.

Chumba

Chagua chumba chenye dirisha linalofunguka na jua linaloingia, hata kama ndicho chumba cha wageni. Kitanda kisiegemezwe ukutani. Acha nafasi ya mtu kupita pande zote mbili, la sivyo utakuwa unamvuta mgonjwa upande mmoja kila siku, na mgongo wako utalipia. Godoro livishwe mpira au nailoni nzito, juu yake shuka lililonyooshwa bila mikunjo, kisha shuka la pili lililokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani. Hilo la pili ndilo mtakaloshika watu wawili kumsogeza, badala ya kumvuta kwa mikono. Mkono uliopooza usivutwe kamwe. Misuli ya bega lake haina nguvu ya kulishikilia, linachomoka, na maumivu yake hukaa miezi.

Chandarua kiwepo usiku, maana mtu huyu hawezi hata kumfukuza mbu.

Kisha gawa chumba. Meza karibu na kichwa iwe upande safi: maji ya kunywa, dawa, mafuta, daftari. Karibu na mlango, chini, uwe upande mchafu: ndoo ya nguo zilizolowa, pipa lenye kifuniko la pampasi. Ukikuta mkojo umewekwa karibu na jagi la maji ya kunywa, hata ndani ya chupa iliyofungwa, mgawanyo umeshavunjika.

Mikono

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna huko Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama waliozalishwa na madaktari wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa akina mama wanaojifungua. Mwezi Aprili mwaka huo, zaidi ya akina mama 18 kati ya kila 100 walikufa katika wodi hiyo. Akaagiza kila anayeingia anawe kwa maji ya klorini. Mwezi Juni walikufa kama 2 kati ya 100. Wakati huo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta homa ile, na wakubwa wengi wa taaluma hawakumkubali. Kila ninapomwona mtu anapita bombani bila kusimama, nawakumbuka akina mama wale.

Nyumbani kosa la kwanza ni beseni la kunawia ambalo kila mtu anachovya. Wa kwanza ananawa, wa tano anapakwa uchafu wa wanne. Maji lazima yamwagike na kuondoka: bomba, ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi, kile kidumu cha lita 5 kinachotobolewa na kuning'inizwa, unachokiinamisha kwa kukanyaga kijiti chenye kamba ili mkono usiguse kidumu. Kitundike mlangoni pa chumba cha mgonjwa, na sabuni kwenye wavu pembeni yake. Maji yakiwa mbali, watu hawanawi.

Vua pete na saa. Kucha ziwe fupi, na za bandia ziondolewe kwa muda wote utakaohudumia. Lowesha mikono, paka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba kimoja kimoja kwa kukizungusha, na ncha za vidole kwenye kiganja. Ncha na gumba ndipo watu wengi wanaporuka, na ndipo tunapogusia kila kitu. Suuza, kausha kwa kitambaa chako safi, usikaushie kwenye kanga uliyovaa. Kazi yote ichukue sekunde 40 hadi 60.

Shirika la Afya Duniani linawafundisha wahudumu nyakati tano za kusafisha mikono, na zinaingia nyumbani bila shida: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kugusa mpira, kidonda au chochote kinachoingia mwilini, baada ya kugusa majimaji yoyote ya mwili, baada ya kumgusa yeye, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka, hata kama yeye hukumgusa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtu anaingia, ananyoosha shuka, anachukua kikombe, anatoka. Ameshabeba. Nyumbani ongeza ya sita: kabla ya kumlisha au kumpa dawa.

Vitakasa mikono vyenye spiriti kuanzia asilimia 60 vinafaa mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana. Sugua hadi ikauke yenyewe, sekunde 20 hadi 30. Ila mgonjwa akiwa anaharisha, tumia sabuni na maji, kwa sababu baadhi ya vijidudu vya kuharisha haviuawi na spiriti.

Glavu zinahitajika unapogusa damu, kinyesi, mkojo, matapishi au kidonda. Kumgeuza, kumlisha na kumpaka mafuta hazihitajiki, isipokuwa ngozi yake au yako ina mchubuko. Glavu za kutupa hazifuliwi. Nimewaona watu wanamsafisha mgonjwa kwa glavu, kisha kwa glavu zile zile wanapokea simu na kufungua mlango wa jiko. Zivue papo hapo kwa kuzigeuza ndani nje, zitupe, halafu nawa, maana glavu hutoboka bila kuonekana na mkono hugusa nje wakati wa kuvua.

Kumwogesha kitandani

Kabla ya maji, kuna heshima. Mzee huyu ni baba wa watu. Mkwe hamwogeshi baba mkwe, na mara nyingi binti naye anaona haya, na mzee anaona haya zaidi. Kaeni kama familia mpange mapema nani anafanya nini. Kama ni mtoto wa kiume au mpwa, apewe kazi hiyo waziwazi asiachwe mama mzee ainue peke yake. Ukiingia, mwamkie: "Shikamoo baba. Nimekuja tuoge, nitaanza na uso." Mwambie kila hatua hata kama hazungumzi. Wengi waliopoteza kauli kwa kiharusi wanasikia na kuelewa. Kama ni mtu wa swala, panga kuoga kuwe kabla ya muda wa swala ili apate kutawadha akiwa safi.

1. Funga mlango na dirisha la upande wa upepo. Andaa kila kitu kabla: mabeseni mawili ya maji ya uvuguvugu, sabuni laini, vitambaa vinne (uso, mwili, mpira wa mkojo na sehemu za siri, matako), taulo, nguo safi, shuka safi, glavu. Ukisahau kitu na kutoka nje, mgonjwa anabaki amelowa.

2. Jaribu maji kwa kiwiko chako. Upande uliopooza huenda hausikii joto, hivyo hatasema kwamba anaungua.

3. Mfunike kanga nzima, kisha funua sehemu moja tu unayoosha na uifunike tena kabla ya kwenda nyingine. Kusitiri kunamkinga na baridi pia.

4. Macho kwanza, bila sabuni, kutoka upande wa pua kwenda nje, kila jicho kwa kona yake ya kitambaa. Kisha uso, masikio, shingo.

5. Mkono wenye nguvu, kisha uliopooza. Fungua ngumi ya ule uliopooza kwa upole, osha kiganja, kausha katikati ya vidole. Kiganja kilichofumbwa hukusanya jasho na kutoa harufu kabla hujajua.

6. Kifua, kwapa, tumbo, na chini ya matiti kwa mwanamke. Kausha mikunjo kwa kugandamiza taulo. Usisugue.

7. Miguu hadi vidole.

8. Mwaga maji, nawa, chukua beseni la pili. Mgeuzeni ubavu, osha mgongo, na hapo hapo angalia ngozi kama nitakavyoeleza chini.

9. Sasa glavu. Sehemu za siri kwa kitambaa chake: mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, daima, mwanamume asiyetahiriwa, rudisha ngozi, osha, kausha, na uirudishe mbele mahali pake, la sivyo itavimba na kumkaba.

10. Matako na njia ya haja kubwa mwisho. Vua glavu, nawa, mvishe. Nguo ianze kuvaliwa upande uliopooza, na wakati wa kuvua ianzie upande mzima.

Shuka chafu likunje ukielekea katikati, chafu ikiwa ndani, na uliweke ndooni. Usilikung'ute hewani, na usilibebe kifuani.

Kinywa na chakula

Watu wanadhani kinywa ni suala la harufu. Mgonjwa wa kiharusi akimeza vibaya, mate yenye vijidudu vya mdomoni huteremka kwenye mapafu na kuleta nimonia, na nimonia huwaua wengi waliokwisha kunusurika kiharusi chenyewe. Mswaki laini asubuhi na usiku, na kila baada ya kula kagua shavu la upande uliopooza. Hapo chakula hujificha. Kama hawezi kutema, fungia kitambaa safi chenye maji kidoleni, pangusa fizi na ulimi akiwa amelala ubavu. Meno ya bandia yatoke usiku.

Kabla ya kumlisha chochote, hakikisha hospitali imepima kumeza kwake. Akila, awe ameketi wima kabisa na kidevu kikiinamia kifua kidogo, kijiko cha chai kimoja kimoja, upande mzima wa mdomo. Maji matupu mara nyingi ni hatari kuliko uji mzito, kwa kuwa yanakimbia kabla koo halijajipanga. Akikohoa, au sauti ikawa na majimaji kama anayetaka kusukutua, acha kumlisha. Akimaliza abaki ameketi angalau nusu saa. Usimlishe mtu anayesinzia, hata ikiwa ni kwa huruma.

Ngozi na kumgeuza

Kidonda cha kitandani huanza ndani, pale mfupa unapobana nyama dhidi ya godoro na damu ikakosa kupita. Kinachoonekana nje mara ya kwanza ni doa jekundu, au kwenye ngozi nyeusi, doa lililokoza zaidi ya jirani yake, la moto au gumu kidogo. Libonye kwa kidole sekunde chache. Ukiachia na rangi haijabadilika kabisa, huo ni mwanzo wa kidonda. Ngozi nyeusi sana ipapase, joto na ugumu vitakuambia zaidi ya rangi.

Kagua mara mbili kwa siku: kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo, masikio. Mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Akilala ubavu asilalie nyonga wima. Mwegemeze kidogo nyuma, kiasi cha nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni, mto mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Mkono uliopooza uwekewe mto.

Doa jekundu lisikandwe. Najua bibi zetu walikanda kwa mafuta, lakini nyama ile tayari imeumia ndani na kukanda kunaichana. Yale maduara ya mpira ya kukalia pia yaachwe, yanabana damu pembeni mwote. Lishe inafanya kazi zaidi: yai, dagaa, maharage yaliyopondwa, maziwa.

Kidonda kikishafunguka, kisafishwe kwa maji ya chumvi: kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa ndani ya chombo chenye mfuniko, ya siku hiyo hiyo. Funika kwa bandeji safi. Spiriti, Jik, dawa ya meno, majivu na unga wa vidonge vya antibiotiki visiguse kidonda. Vinadhuru nyama changa inayojaribu kuota. Kidonda chenye shimo, weusi au harufu kinahitaji muuguzi akione.

Mpira wa mkojo

Mpira ni barabara ya moja kwa moja kutoka nje hadi kwenye kibofu. Jambo kubwa kuliko yote ni kutoutenganisha na mfuko wake. Kila mkifungua kiungo kile, mmefungua mlango.

Mfuko uwe daima chini ya kiuno chake ili mkojo usirudi, lakini usiguse sakafu. Uning'inize kwenye fremu ya kitanda. Wakati wa kumgeuza, uhamisheni mfuko kwanza. Umwage unapofika theluthi mbili, kwa kufungua koki ya chini, kwenye chombo cha kazi hiyo tu, koki isiguse ukingo wa chombo, kisha uipanguse na kuifunga. Nawa kabla na nawa baada. Kila siku osha mpira kwa maji na sabuni, kuanzia unapotokea mwilini kwenda nje, kiasi cha kiganja kimoja. Mwanzo na mwisho wa kusugua hauchanganyiki: ukifika nje, usirudi ndani. Ufunge pajani kwa plasta ili usivutike.

Mkojo usipotoka muda wa saa 4, angalia kwanza kama mpira umekunjwa au umelaliwa. Kama uko huru na tumbo la chini limejaa, peleka mgonjwa hospitali. Kadhalika mkojo wenye damu, mawingu mazito pamoja na homa, au mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla: kwa wazee kuchanganyikiwa kunaweza kuja kabla ya homa. Na kila kliniki uliza, "Bado anauhitaji?" Mpira ulioondolewa haumwambukizi mtu.

Nguo, damu na sindano

Kinyesi kitolewe kwenye nguo kwa maji kikamwagwe chooni, ndipo nguo ifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, ianikwe juani na kupigwa pasi. Pampasi zifungwe kwenye mfuko, zisitupwe chooni wala uani ambako mbwa na kuku watazitawanya.

Kwa damu au kinyesi kilichomwagika sakafuni: vaa glavu, kusanya kwa kitambaa au karatasi, osha kwa sabuni, kisha mimina dawa ya klorini (kama Jik) iliyochanganywa na maji hadi asilimia 0.5 na uiache dakika 10. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu huishia kwenye uchafu na haifiki kwa vijidudu, ndiyo maana sabuni inatangulia. Soma lebo ya chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Hesabu yenyewe ni kugawa namba ya lebo kwa ile unayotaka, kisha kutoa moja: 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1, unabaki na 6. Tengeneza mpya kila siku, dirisha likiwa wazi, na usichanganye na siki, dawa nyingine ya choo wala mkojo, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kama anachoma insulini, sindano isirudishiwe kifuniko. Itumbukizwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, na chupa ikifika robo tatu ipelekwe kituo cha afya. Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usipake Jik wala spiriti, nenda kituoni saa hiyo hiyo. Dawa za kukinga VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa siku 28. Usione aibu kwa sababu ni baba yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukiza kwa sindano kwa urahisi zaidi kuliko VVU, na chanjo yake ipo, anayehudumia aipate.

Wageni

Kwetu kumtazama mgonjwa ni wajibu, na mgonjwa asiyetembelewa huumia kwa namna ambayo dawa haiponyi. Sitamwambia mtu afunge mlango. Weka viti viwili mbali na kitanda, maana wageni huketi kitandani pale pasipo na viti. Mtu mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kuwapokea: "Karibuni, tafadhali mnawe hapa ndipo muingie." Akisema yeye mlangoni, na akinawa mwenyewe mbele yao, hakuna anayechukia. Mwenye mafua au kikohozi asalimie kutoka dirishani. Uji au matunda waliyoleta yapokelewe jikoni.

Magonjwa yanayobadilisha utaratibu

Kikohozi cha wiki 2 na zaidi, jasho la usiku na kukonda: chukueni makohozi yakapimwe kifua kikuu. Mpaka majibu yatoke, madirisha wazi, barakoa usoni pa mgonjwa mnapokuwa karibu, watoto walale chumba kingine.

Kuharisha maji meupe kama ya mchele ni hospitali sasa hivi, huku akinywa maji ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini njiani.

Na kuna magonjwa yasiyouguzwa nyumbani hata kidogo. Marburg ilipoingia mkoani Kagera mwaka 2023 iliwapata watu 9, wakiwemo wahudumu wa afya, na kuua 6, na ikarudi mkoani humo Januari 2025. Homa kali ya ghafla, kutapika na kutokwa damu, hasa pakiwa na taarifa ya mlipuko au msiba usioeleweka karibu nanyi: msimguse, msimwogeshe, na akifariki msimwoshe maiti wenyewe. Pigeni simu kwa wahudumu wa afya wa eneo lenu, mkae mbali naye mpaka wafike na mavazi yao. Ni vigumu kusoma hivi kuhusu mzazi wako, lakini nyumba nzima iko kwenye mikono hiyo inayotaka kumgusa.

Daftari

Nunua daftari la kurasa 48 na kalamu iliyofungwa uzi. Asubuhi na jioni andika joto, mapigo ya moyo kwa dakika moja nzima, pumzi kwa dakika moja nzima (hesabu bila kumwambia, akijua hubadilika), na presha kama mna kipimo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20, na moyo hupiga 60 hadi 100. Joto la 38 na kuendelea, pumzi zaidi ya 25, kushindwa kuamshwa, au udhaifu mpya wa uso, mkono au mguu, mpeleke hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Andika pia maji aliyokunywa, mkojo uliomwagwa, haja kubwa, hali ya ngozi, na saa aliyogeuzwa pamoja na upande aliolazwa. Anayepokea zamu asome kabla ya kuingia, na anayetoka asiondoke hadi wote wawili wamemwangalia mgonjwa pamoja, tangu kisogo hadi visigino. Ndivyo tunavyokabidhiana wodini.

Na anayehudumia alale. Gaweni zamu kwa majina, msiseme "tutasaidiana". Binti wa ile nyumba niliyoanza nayo alikuwa hajalala usiku mzima kwa wiki saba. Niliporudi kumwona mzee, nilikuta kwenye daftari mwandiko wa kaka yake: "Saa 4 usiku, ubavu wa kushoto, mfuko umemwagwa, visigino vizuri." Yeye alikuwa chumba cha pili, amelala.